Kwetu Hunywa kwa Magoti

Mwaka ule mvua iliisusa mbuga nzima. Likabaki dimbwi moja tu, nalo lilikuwa la Simba. Wanyama walipokwenda kuomba maji, akatunisha kifua.

"Mwanangu alichukuliwa na mafuriko angali mchanga. Hanywi mtu hapa mpaka arudi. Na atarudi! Mashujaa wote hupotea, wakalelewa na makabwela, kisha wakaja kurithi."

Hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini yeye baba hakuwahi kumtafuta.

Basi kila mtu akaanza kujitafutia wazazi maskini. Chui akaapa kuwa kalelewa na Kobe. Nyumbu, na pembe zake kichwani, akadai kuwa ni simba aliyenyonyeshwa na Nungunungu, ila alishindwa kueleza alinyonyaje bila kuchomwa. Wote walitimuliwa.

Fisi, ambaye tumbo lake halijui kutosheka, akajifunga nyasi kavu shingoni ziwe shungi la simba, akaenda shimoni kwa Mama Ngiri.

"Kesho utasema wewe ndiye uliyenilea. Ukikataa, wanao ni kitoweo."

Kumbe kweli Mama Ngiri aliwahi kuokota mtoto wa simba matopeni, akamwita Kiokote, akamlea pamoja na wanawe. Sasa wanawe walikuwa wakifa kwa kiu. Akimtaja Kiokote watakunywa, lakini mfalme atamchukua, na alimpenda kama wa tumboni mwake. Akamwendea Sungura akilia.

"Mwache Fisi aje," Sungura akasema. "Nawe njoo na watoto wote. Wote, Mama."

Kesho yake Fisi alifika akitembea kwa maringo, Mama Ngiri na watoto wote wakimfuata nyuma. Simba, ambaye macho yake yalishaanza kufifia, akauliza, "Mama Ngiri, huyu ndiye uliyemlea?"

Sungura akamwahi. "Mfalme, mlezi anaweza kutishwa. Waambie wanywe, utamjua mtoto wa Ngiri."

"Kunyweni!" Simba akaamuru.

Fisi hakungoja aambiwe mara mbili. Alijitosa mzima mzima, shungi likamvuka, likaelea. Watoto wa Ngiri wao walipanga foleni ukingoni, wakapiga magoti, matako juu, wakanywa kwa adabu. Katikati yao alikuwa simba mmoja mkubwa, naye kapiga magoti.

Wanyama wakaangua kicheko. Simba akataka kufa kwa aibu.

"Mwanangu, inuka! Simba hapigi magoti!"

"Kwetu asiyepiga magoti hashibi, mzee," Kiokote akajibu, akijifuta mdomo. Kisha akamgeukia Fisi. "Nasikia wadogo zangu ni kitoweo?"

Akanguruma. Fisi alitoka majini mbio, na tangu siku hiyo ukimtajia nyasi tu anaondoka.

"Twende kwangu, mrithi wangu," Simba akasema.

"Kama dimbwi ni langu, basi wanywe wote. Mimi namfuata mama."

Simba akabaki pale, akimweleza kila aliyekuja kunywa kwamba ushujaa ni damu tu, damu yake. Kiokote naye akafika nyumbani, akaingia shimoni kinyumenyume kama ngiri wote wafanyavyo, akakwama, kichwa kikabaki nje kikilinda mlango. Mama Ngiri akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.