Krijn na Leuntje Walivyokataa Gari

Habari hii nilisimuliwa na Leuntje mwenyewe, jirani yangu wa ukuta mmoja hapa Zaamslag, kijiji chetu karibu na mpaka wa Ubelgiji, mwezi wa sita, Jumatatu baada ya wao kurudi safari. Tulikuwa tumekaa nyuma ya nyumba yake tukimenya maharage mabichi. Alisimulia taratibu, maana Leuntje hana neno la haraka, nami sikumkatiza. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai. Maana yake ni kwamba mtu anayekwenda kwa utulivu huiona njia yake, na jiwe lililomo njiani huliona kabla halijamkuta. Wengi huisema methali hii kwa mdomo. Leuntje na mumewe Krijn waliisema kwa miguu.

Krijn alikuwa mkulima wa vitunguu, mrefu kama mlingoti na mkaidi kama mlango uliovimba kwa mvua. Uzeeni macho yake yaliingia ukungu. Daktari akakataa kumtilia sahihi, leseni ya udereva ikaenda, na gari likauzwa. Hapo ndipo mkwe wao Wessel, mume wa binti yao wa pekee Dina, alipopata la kusema. Wessel alikuwa mtu wa mbio. Alikunywa kahawa akiwa amesimama, na swali alilijibu kabla halijaisha kuulizwa.

Jumapili moja, baada ya kanisa, walikaa wote wanne sebuleni kwa Leuntje. Kila mmoja alichukua biskuti yake moja, kopo likafungwa.

"Baba, Mama, chumba kimepatikana," Wessel akasema. "Nyumba ya wazee kule Goes, ng'ambo ya maji. Kipo chini, na bafu lina vishikio. Wanataka jibu Jumamosi, la sivyo anapewa mwingine."

"Apewe," Krijn akasema.

"Bila gari mtaishije hapa, Baba? Duka limefungwa. Daktari yuko mjini Terneuzen."

"Basi lipo."

"Basi!" Wessel akacheka mpaka kahawa ikamwagikia sahani. "Basi lile linalozunguka kila zizi la ng'ombe! Mkifika kwa daktari mtakuwa mmeshapona, au mmeshakufa."

Leuntje aliweka kikombe chake chini polepole. Alizaliwa katika mtaa ule, aliolewa katika nyumba ile, na mtoto wake mmoja alizikwa nyuma ya kanisa lile.

"Wessel mwanangu," akasema, "wewe unasema basi halitatufikisha Terneuzen. Haya. Kesho tunapanda basi. Tutakwenda Ubelgiji, tupite Luksemburgi, tuingie Ujerumani, na Jumamosi tuwe hapa. Mabasi ya kawaida tu, hakuna treni, hakuna teksi. Tukipanda gari lako hata mara moja, nitafunga mizigo mwenyewe niende kwenye hicho chumba cha vishikio. Tukirudi kwa basi, hutalitaja tena jambo hili, hata siku ya maziko yangu."

"Mama!" Dina akashtuka. "Baba haoni vizuri!"

"Yeye haoni vizuri, mimi sisikii vizuri. Ukituweka pamoja, ni mtu mmoja mzima."

Wessel akanyoosha mkono, Leuntje akaushika. Mapatano yakafungwa.

Basi wakaondoka. Ubelgiji basi la kwanza liliwapita kama upepo. Kwao dereva husimama mwenyewe akiuona mkoba wa Leuntje, lakini kule usipoinua mkono dereva hudhani umesimama kupunga hewa. Tangu hapo Leuntje aliinua mkono hata kwa malori. Saa sita mchana ilipogonga, popote walipokuwa, kisanduku kilifunguliwa, mkate na jibini vikatoka, wakala bila kuomba radhi. Walipita vijiji ambavyo hata ndege hawavijui. Waliketi na wanafunzi, na wajane, na mzee mmoja aliyempakata bata mzinga. Madereva waliwaelekeza basi la pili, na wa basi la pili wakawaelekeza la tatu, kama watu wanaopokezana ndoo kwenye moto.

Luksemburgi Krijn alisimama mlangoni na sarafu mkononi.

"Bure, mzee," dereva akamwambia. "Kaa."

"Bure? Nani analipa?"

"Serikali."

"Basi kuna ujanja," Krijn akasema, na akakaa safari nzima kazikamata sarafu zake, akingoja ujanja uonekane.

Kila jioni Dina alipiga simu, na sauti ya Wessel ilisikika nyuma yake: "Wamechoka? Niwashe gari?"

"Mwambie gari alilaze," Leuntje alijibu. "Sisi ndio kwanza tunaamka."

Jumatano jioni wakaingia Ujerumani, katika kijiji kimoja cha milima ya Eifel, wakapata chumba kwa mama mjane aliyeitwa Hedwig. Asubuhi ya Alhamisi walikuwa kituoni mapema, wamejipanga kama askari. Wakangoja. Umande ukakauka. Jogoo akanyamaza. Basi halikuja. Mtu wa Zaamslag anajua kwamba Alhamisi, ukiondoa ile ya Kupaa, ni siku ya kazi, na hakuna kitabu cha dini kilichowahi kumwambia vingine. Lakini madirisha ya kijiji kile yalikuwa yamepambwa bendera, na barabarani watoto walikuwa wakitandika maua.

Mama Hedwig aliwakuta pale, naye amevaa nguo nyeusi ya sherehe.

"Mnangoja nini, jamani? Leo ni Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo!"

"Siku ya Alhamisi?" Krijn akauliza.

"Nyinyi wa nchi tambarare hamumjui Mungu?"

"Tunamjua. Ila kwetu Alhamisi hii anatuacha tufanye kazi."

Mama Hedwig akacheka hadi kofia ikamkaa upande. Kisha akawapa habari mbaya. Basi la kijiji lilikuwa la wanafunzi. Leo hakuna, na kesho shule pia zimefungwa, kwa hiyo lingerudi Jumatatu. Jumatatu! Leuntje akakiona kile chumba cha Goes, na vishikio vyake vinang'aa.

Wakati huohuo simu ikalia. Alikuwa Wessel. Krijn, ambaye tangu azaliwe hajui kusema uongo, akamwambia ukweli wote.

"Kwisha kazi!" Wessel akapiga kelele. "Kaeni hapohapo, Baba. Kabla ya chakula cha mchana nimefika."

Leuntje akanyakua simu. "Hatujakuita!" Lakini Wessel alikuwa ameshakata.

"Mama Hedwig," Leuntje akasema, "basi jingine liko wapi?"

"Bondeni, kwenye barabara kuu. Lile la jioni linapita hata sikukuu. Lakini njia ni ya msituni, na mume wako macho yale... Labda mfuatane nasi. Maandamano yanashuka hukohuko, kanisa kubwa liko bondeni. Ila tunakwenda pole, tunasimama kwenye altare nne."

"Pole ndiyo tunayoitaka."

Mbele ya kanisa dogo palikuwa na mtafaruku. Kitambaa cha dhahabu cha kumfunika padri aliyebeba Ekaristi huinuliwa juu ya miti minne na wanaume wanne, na wa nne alikuwa kitandani, mgongo umemkamata. Mama Hedwig akamtazama Krijn kuanzia kisigino hadi utosini.

"Huyu ana urefu unaotakiwa," akasema.

Krijn akawa mwekundu kama nyanya. "Mimi? Marehemu baba alikuwa mzee wa kanisa letu. Alikuwa akitufumba macho maandamano ya Wakatoliki yakipita. Akiniona atafufuka kwa hasira!"

"Akifufuka mwambie atushikie mkoba," Leuntje akasema. "Krijn, unataka kufa kwenye kitanda chako au cha Goes?"

Krijn akavua kofia, akaitazama ndani kwa muda, akaivaa. Halafu akaivua tena.

"Mti nitaushika," akasema kwa sauti kubwa, padri na watu wote wasikie. "Goti sipigi."

"Goti lako baki nalo," padri akajibu. "Mimi nahitaji mkono."

Basi wakashuka. Tarumbeta zilitangulia, watoto wakamwaga maua, na Krijn akatembea ameushika mti wake wima, uso mgumu kama wa mtu anayevuka mto wenye mamba. Hakuiona njia vizuri, lakini mwendo ulikuwa wa taratibu, na mguu wake ulipata nafasi ya kupapasa kabla ya kukanyaga. Leuntje alikuwa nyuma yake, na kila penye shimo alimnong'oneza: "Kushoto, mzee."

Upande wa pili Wessel alikuwa anakuja kama risasi. Alifika bondeni akaikuta barabara imefungwa. Kijana wa zimamoto wa kujitolea akamwambia asubiri, maandamano yanapita.

"Muda gani?"

"Mpaka yapite."

Neno hilo Wessel hakuwahi kulimeza maishani. Akageuza gari kwa hasira, akaingia njia ya matrekta katikati ya mashamba, akakanyaga mafuta. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye kona ya pili gari liliteleza, likaruka ukingo, likatua mtaroni kwa pua. Chuma kikalia chini. Ekseli ilikuwa imekatika.

Alipotoka nje, suruali imelowa tope hadi magotini, alisikia tarumbeta. Maandamano yalikuwa yanashuka kwa njia ileile. Yalimkaribia polepole, bendera baada ya bendera, na chini ya kitambaa cha dhahabu alimwona mkwe wake.

"Baba?" Wessel akasema, kama anayeona mzimu.

Krijn hakugeuka. "Sizungumzi, nina kazi."

"Mama! Ingieni garini!"

Leuntje akasimama. Akalitazama gari, magurudumu yake ya nyuma yakiwa hewani.

"Lipi? Hili lililolala kifudifudi?" Akafungua mkoba. "Umekula? Shika mkate. Ukimaliza tufuate. Na usitembee mbio, panateleza."

Sikukuu haina trekta wala fundi. Wessel akaula ule mkate, akafuata nyuma kabisa pamoja na akina bibi wenye fimbo, viatu vyake vya ofisini vikilia chwaka chwaka. Jioni basi lilipokuja, Leuntje aliinua mkono, na wote watatu wakapanda.

Kesho yake walibadilisha basi katika mji mkubwa, na kituo cha treni kilikuwa mbele yao. Leuntje akamwambia mkwewe, "Treni ile pale, mwanangu. Wewe hukuapa. Una mikutano yako."

Wessel aliitazama treni. Aliwatazama wazee wale, mmoja anamsomea mwenzake namba ya basi, mwenzake anamwambia dereva kasema nini. Akaubeba mkoba wa mama mkwe wake begani.

"Mkutano umeshanipita," akasema. "Tukae dirishani, Mama?"

Jumamosi jua lilikuwa bado juu basi la mwisho lilipowashusha Zaamslag. Dina alitoka mbio na aproni yake, akahesabu vichwa, akauliza gari liko wapi. Watatu hao wakampita, wakaingia ndani. Supu ilikuwa tayari. Wessel hakukaa kwanza, alichukua simu, akapiga Goes.

"Nafasi ile mpeni mwenye kuihitaji," akasema. "Hawa hawaji."

Krijn alilala kabla supu haijapoa, kijiko mkononi. Wessel akajinyoosha kwenye kochi na soksi zake za tope, akakoroma. Dina akamfunika mumewe blanketi, akasinzia hapo kitini kando yake. Leuntje akaosha vyombo bila haraka, akafunga mlango wake kwa ufunguo wake, akamwongoza Krijn kitandani, akajilaza upande wake wa siku zote. Nje kulikuwa hakujaingia giza. Akafumba macho, usingizi ukamchukua papo hapo. Hakika, mwenda pole hajikwai.