Mama na Wanawe Walioachwa Kisimani

Inasimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yaliyo wazi na yaliyofichika, kwamba katika zama za wema waliotutangulia alikuwako mjane akiitwa Bi Lubaba bint Mundhir. Mumewe alifia ugenini akamwachia watoto wawili: Arwa, binti aliyekuwa aking'oka meno ya mbele, na Sabiq, ambaye ndiyo kwanza ameachishwa ziwa. Katika mji alimokuwa akiishi hakuwa na jamaa wala wa kumjulia hali. Basi akafunga mizigo yake akaingia katika msafara uendao Basra, kwa kaka yake, mtu pekee duniani aliyebaki wa kumwita dada.

Safari na watoto, enyi ndugu zangu, asiwadanganye mtu. Mtu mzima akichoka hunyamaza. Mtoto akichoka humchosha hata ngamia. Sabiq alilia mchanga ukimwingia machoni, akalia akipanguswa. Arwa aliuliza kila kilima kama Basra iko nyuma yake. Na Bi Lubaba, masikini, alijibu yote peke yake, maana wenzake walikuwa na waume na mama wakwe, na yeye alikuwa na Mungu tu. Naam, Mungu anatosha, lakini mikono miwili ilikuwa haimtoshi.

Msafara ule ulikuwa na desturi yake. Jua likipanda, watoto wote walitiwa katika kibanda kimoja cha nguo kilichofungwa juu ya ngamia mpole, wakabanana humo kivulini, na akina mama wakapokezana zamu ya kukaa nao. Hiyo ndiyo ilikuwa raha pekee ya Bi Lubaba, saa chache za kutembea bila ya kushikwa nguo.

Asubuhi moja, baada ya sala ya alfajiri, walikuwa wamepumzika kwenye kisima cha njiani. Arwa alikuwa ameshinda na homa mapajani mwa mamaye tangu jana yake. Bi Lubaba akamfunua uso kumtazama, akaona vipele. Vilikuwa vigumu, vimejaa kwenye paji la uso na viganjani. Alivijua, maana kwao vilipita alipokuwa msichana. Ilikuwa ndui.

"Bi Lubaba!" akaita mwanamke mwenye zamu. "Walete wanao, jua linapanda!"

Hapo ndipo Iblisi alipomjia, naye hana haya, humjia mtu saa ile ile ya udhaifu. Akamwambia, mfunike binti yako ushungi, sema jua limemchoma, nani atafunua? Ukisema kweli, ni nani atakayekubali kusafiri na ndui? Mtaachwa hapa jangwani, na wanao wafe mbali na watu. Bi Lubaba aliushika ushungi mkononi, wallahi aliushika. Kisha akawasikia watoto wa watu wakicheka ndani ya kile kibanda, wanapigania nani akae ukingoni.

"Hawaji," akasema, akauweka ushungi chini. "Binti yangu ana ndui."

Watu waliruka nyuma kama waliomwagiwa maji ya moto. Mzee Jundub, kiongozi wa msafara, akaja akasimama mbali kidogo.

"Binti yangu, unaijua maana ya neno ulilolisema?"

"Naijua, ami. Maana yake mtaniacha."

"Ungenyamaza nisingejua mpaka kesho kutwa."

"Na Mola wangu angejua leo."

Mzee alilia, wala hakuona haya kulia mbele ya watu. Lakini alikuwa na amana ya roho za wengine. Akamwachia hema, unga, tende na ndoo ya kutekea, akaapa kwamba kila penye watu atakapopita atatoa habari yake. Kisha ngamia wakainuka. Bi Lubaba aliwatazama mpaka vumbi lao likatulia, na hata lilipotulia aliendelea kutazama.

Siku zile zilikuwa nzito, subhanallah. Arwa aliwaka homa, hakutaka mtu amguse wala hakutaka mtu amwache. Sabiq alizuiliwa asimkaribie dada yake, akawa anazunguka hema akiuliza, "Watu wamekwenda wapi?" Mama akawa anamwigizia sauti za msafara, mara kikohozi cha Mzee Jundub, mara mlio wa ngamia, ili mtoto acheke. Akicheka yeye, mama hugeuka akalia. Siku moja mtoto alimwaga maji, Bi Lubaba akampigia ukelele uliomtisha hata yeye mwenyewe. Akamkumbatia akimwomba radhi, mtoto asijue anaombwa nini. Adhuhuri aliposali na kutoa salamu kulia na kushoto, kulia kulikuwa na mchanga, na kushoto mchanga. Alisema kwa sauti, "Ee Mola wangu, sinung'uniki. Lakini niko peke yangu mno."

Wakatokea wachungaji wawili wanakuja kunywesha wanyama wao. Sura za watu! Alitamani wafike japo wamtukane. Akapanda kifusi cha udongo wa kisima akapiga kelele, "Msije! Hapa pana ndui!" Wakageuza wanyama wao wakaenda mbio, hata salamu hawakumpa. Usiniambie hilo ni jepesi. Kusema kweli mara ya kwanza kuna ushujaa wake. Mara ya pili, wakati umeshaonja malipo yake, ni kazi ya waja wa Mungu.

Siku kadhaa baadaye alitokea mtu juu ya punda, mwanamke mzee, peke yake. Bi Lubaba akapiga kelele kama kawaida yake, na sauti imeshamchakaa.

"Rudi, mama! Hapa pana ndui!"

"Nimesikia, mwanangu," akajibu yule bibi, na punda haachi kuja. "Ndiyo iliyonileta."

Akafunua ushungi. Uso wake wote ulikuwa makovu, vishimo vishimo.

"Mimi ilishanila ikanitapika, na hairudi kwa mtu mara ya pili. Naitwa Unaysa. Kiongozi wa msafara wenu alipita kwetu, akauliza kama yuko mwenye makovu."

Bi Lubaba alianza kushukuru, bibi akamkata maneno.

"Usinishukuru. Zamani nilikuwa na watoto. Mgeni mmoja alilala kwangu na mwanawe mgonjwa, akaniambia ni joto la safari tu. Nikamlaza pamoja na wangu. Ilinimalizia wote, nikabaki mimi. Niliposikia yuko mama aliyesema, nikamwambia punda wangu, twende nikamwone."

Bi Unaysa akashuka, akanyoosha mikono. "Nipe huyo mdogo. Wewe nenda kalale."

Bi Lubaba akalala. Arwa alipona kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, na jicho lake moja likabaki na ukungu mpaka uzeeni. Sabiq hakuguswa na maradhi, na msafara uliofuata ukawafikisha Basra kwa mjomba wao.

Ndugu zangu, mficha maradhi kifo humuumbua, hilo mnalijua. Lakini mwenye kusema naye huogopa kwamba ukweli utamtenga na watu. Bi Lubaba alidhani neno lake limemfukuzia viumbe wote, na kumbe yuko mmoja ambaye neno lile lilikuwa likimwendea. Mola atujaalie ulimi kama ule siku tutakapouhitaji, na atusubirishe katika siku za kungoja.