Bwana Harusi wa Jicho Moja

Enzi za Wajerumani, reli ilipokuwa ikisogea kuelekea Morogoro, vijana wengi wa milimani walishuka kwenda kupasua miamba. Agustino wa kijiji cha Kinole alikuwa mmoja wao. Siku moja baruti ilimlipukia, na aliporudi kwao jicho lake la kushoto lilikuwa limefumba daima.

Padri alikuwa amekwisha kuitangaza kanisani ndoa yake na Modesta. Hata hivyo, Agustino alianza kumkwepa mchumba wake kama mtu akwepaye siafu. Modesta akamfuata nyumbani, akamtaka waende mjini kuchagua pete na kitambaa cha gauni. Walishuka pamoja na Anastasia, mama mdogo wa Modesta. Njia nzima mama huyo alinuna. Hata shikamoo ya Agustino aliiitikia kwa shingo upande.

Dukani, Anastasia aliipapasa bafta nyeupe, kisha akaiachia.

"Mwanangu, kitambaa hiki ni kizuri mno kuvaliwa mbele ya chongo. Wanaume hawajaisha Uluguru!"

Agustino, aliyekuwa akijaribu pete ya fedha, aliivua akaiweka mezani.

"Mama amesema kweli. Modesta, ulichumbiwa na mtu mzima wa mwili, si kilema. Nimekufungua kwenye ahadi yetu. Sitakulaumu."

Tangu asubuhi Agustino alikuwa akimpa Modesta upande wa kulia tu wa uso wake. Modesta alimshika kidevu taratibu, akamgeuzia mlangoni penye mwanga, akalitazama kovu la jicho lake bila kupepesa. Kisha akajitanda bafta mabegani.

"Niambie, imenipendeza?"

Agustino alimtazama. Machozi yakamtoka macho yote mawili, hata lile lililofumba.

"Imekupendeza mno," alisema.

"Basi tukate hiyo hiyo." Modesta akamgeukia Anastasia. "Na wewe, mama mdogo, chongo umemwona wapi? Mwenzangu ana kengeza kidogo tu."

"Kengeza!" Anastasia alijaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha akaiokota ile pete, akaitia mkononi mwa Agustino. "Ivae, baba. Nisamehe ulimi wangu."

Walifunga ndoa misheni, Agustino akitembea uso juu mbele ya watu wote. Waliokuja kunong'ona walimwona bibi harusi alivyomtazama mumewe, wakanyamaza. Hakika, ukipenda, chongo huita kengeza.