Mwezi Ulioandama Bila Makaa

"Mtoza moshi hula mbichi." Mmewasikia wauza nyanya wakimwimbia hivyo mtoza ushuru sokoni, mkaja mbio kuniuliza maana yake. Mmefika penyewe wajukuu zangu, kwa sababu methali hii ilianzia katika ukoo wetu, na ilianza hivi.

Zamani nchi yetu ya Busenda ilitawaliwa na Mtemi Lugwisha. Kila mwaka kila nyumba ilimpelekea kikapu kimoja cha mtama. Msidhani wazee wetu walikuwa wabahili. Walitoa kwa moyo mkunjufu, maana mtama ule uliwekwa ghalani, na njaa ikiingia ghala lilifunguliwa kwa wote.

Tena kulikuwa na mwiko: moto wa ikulu haupekechwi kwa vijiti, huletwa na watu. Kila mwezi ulipoandama, moto wa zamani ulizimwa, na watu wakampelekea mtemi makaa kutoka majikoni mwao. Mtemi aliyekosa makaa mpaka kunapambazuka hakuwa mtemi tena. Ndivyo wazee walivyomkumbusha nani aliyemkalisha kitini.

Lugwisha akanogewa na mtama wa watu. Akatangaza kwamba sasa kodi ni ya moshi, si ya nyumba. Mwenye meko mawili, vikapu viwili. Ukimchemshia mgonjwa dawa uani, ongeza kingine. Mnyapara wake, Masonga, alipanda jabali kila asubuhi kutazama moshi unafuka wapi. Mwaka huo mvua ikagoma. Watu walipokwenda ghalani walikuta mlango umefungwa, na mtama wao unapikiwa pombe ya wageni wa mtemi.

Palikuwa na mjane mmoja, Nyanzala, mwenye watoto wadogo. Alikuwa amebakiza kibuyu cha mbegu tu. Masonga akakichukua.

"Nitapanda nini, baba?" Nyanzala akauliza.

"Panda hayo majivu yako," Masonga akajibu, akaenda zake. Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Nyanzala hakulia. Aliingia jikoni akamwagia mafiga yake maji, kisha akaenda kwa jirani. "Wanatoza moshi," akamwambia. "Basi tuwanyime moshi." Jirani akamwambia jirani. Hata wake za askari wa mtemi walizima, kwani nao walitozwa. Watu wakala karanga mbichi, matango pori na mtama ulioloweshwa. Watoto walinuna, lakini hakuna mama aliyewasha. Masonga alipoona anga jeupe alicheka, akadhani wamekoma. Mwezi hakuukumbuka.

Mwezi ukaandama. Watumishi wakazima moto wa ikulu kama desturi, ngoma ikalia. Watu wote wakaja, mikono mitupu.

"Makaa yako wapi?" Lugwisha akauliza.

Nyanzala akasogea mbele. "Hatuna, Mtemi. Moto una kodi, na kodi imetushinda."

"Wapigeni hawa!"

Mkuu wa askari, Lubinza, akachomeka mkuki wake ardhini. "Mtemi, hata wanangu wamekula mbichi leo. Nimpige nani?"

Askari wengine nao wakachomeka mikuki yao. Nyanzala akaweka mbele ya kiti ungo wa mtama mbichi waliouchanga majirani. "Karibu chakula, Mtemi. Hiki ndicho tunachokula sisi."

Kulipopambazuka mafiga ya ikulu yalikuwa baridi. Lugwisha na Masonga waliondoka kwa mlango wa nyuma, na hakuna aliyewagusa. Watu walifungua ghala kwanza, Nyanzala akarudishiwa mbegu zake. Ndipo wakamkalisha mtemi mwingine, naye akaapa kwamba kodi itapangwa mkutanoni pamoja na wanaoitoa, na kwamba ghala halitafungwa wakati wa njaa. Nyanzala akapekecha moto nyumbani kwake, akawa wa kwanza kumpelekea makaa.

Huyo Nyanzala ndiye aliyemzaa bibi yangu. Damu yake mnayo ninyi, kwa hiyo tembeeni vifua mbele! Kodi ya haki tunalipa, tena bila kusukumwa. Lakini anayetukamua mpaka jikoni akumbuke kwamba hata moto wake unatoka kwetu. Mtoza moshi hula mbichi.