Kiboko Mwenye Shimo

Mchungulia keki hula shimo. Mmemsikia mama yenu akimwambia dada yenu Tunu hivyo, aache kumpigia mchumba wake simu kila saa, na sasa mmenijia mimi kuuliza. Haya, kaeni. Msemo huo ulizaliwa jikoni kwangu, na mchunguliaji ni mimi bibi yenu.

Babu yenu aliponioa alikuwa amefiwa na mke, na mama yenu Nasra alikuwa na miaka sita. Niliishi naye miezi minne hajaniita mama, hajaniita shangazi, hajaniita chochote. Akitaka kitu alisema kana kwamba anauambia ukuta. Nilimwogopa mtoto yule, wajukuu zangu. Mtu mzima mimi, nikisikia viatu vyake mlangoni moyo unanienda mbio.

Ikakaribia siku yake ya kutimiza saba. Marehemu mama yake alikuwa akimwokea keki kila mwaka. Nikamsikia akimwambia rafiki yake, "Mwaka huu nilitaka ya Kiboko Mbonde, yule wa katuni. Lakini huyu hawezi."

Huyu ndiye mimi.

Nikaapa nitaweza. Oveni hatukuwa nayo, kwa hiyo nikatia mchanga kwenye sufuria kubwa, bati la keki juu ya mchanga, nikafunika, nikapanga makaa juu ya mfuniko. Jirani yangu Bi Mwanakombo alinionya nisifunue mpaka harufu ifike mlangoni. Ningewezaje? Kila nikikaa naiona imeungua, mara mbichi, watoto wanacheka, Nasra anageuza uso. Nikafunua. Nikafunua tena. Mara ya tatu keki iliyokuwa imeumuka vizuri ikabonyea katikati, naiona kwa macho yangu.

Nasra aliporudi kutoka shule alinikuta nimekaa chini nalia. Akatazama lile bati.

"Umefunua?"

"Nimefunua."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Niliogopa ikiharibika hutanipenda kabisa."

Akaligusa shimo kwa kidole.

"Kiboko ana mdomo mkubwa," akasema. "Tulipake rangi nyekundu, liwe mdomo."

Tukapaka pamoja, masikio tukayafanya kwa biskuti. Na mimi na kichwa changu kigumu, furaha ikanizidi, nikamwuliza, "Kwa hiyo sasa unanipenda?"

Mama yenu akaniangalia, wala hakucheka.

"Unafunua tena," akasema.

Nikaufunga mdomo wangu. Hofu haikuniacha, nililala nayo na kuamka nayo, lakini sikumwuliza tena. Ukapita karibu mwaka mzima. Asubuhi moja akaita kutoka uani, "Mama, kitana kiko wapi?" Nikamjibu, "Mezani," kama vile hapakutokea kitu, nikaingia chumbani nikalia peke yangu.

Shimo la keki tulilila siku ile, na tulishiba. La moyo wa mtoto, kama ningeendelea kuufunua, nisingeliweza kulipaka rangi. Ndiyo maana nyumba hii tunasema, mchungulia keki hula shimo.