Birika la Mwanahija

Tajiri Ghalibu alilitamani birika la shaba la mpangaji wake Mwanahija, lenye nakshi za maua shingoni.

"Nipe, au uhame leo! Wageni wangu wapate la kutawadhia."

"Chukua, bwana. Jana tu nimemtawadhishia mtu aliyelala chali."

Ghalibu, birika mkononi, akasita. "Chali? Hakusema kitu?"

"Hata neno moja. Nikimwinua mkono, unaanguka pu!"

"Innalillahi!" Ghalibu alilitupa birika mapajani mwa Mwanahija, akatimua mbio. "Kaa nalo! Kaa na chumba pia!"

Faki, mume wa Mwanahija, aliuliza kutoka kitandani, "Maiti gani huyo, mke wangu?"

"Nani kataja maiti?" Mwanahija alilijaza birika maji. "Lala chali, mvivu wee, nikutawadhishe. Adhuhuri imeshaadhiniwa."