Maharage ya Pimbi Yaliyotoka Madoa

Hapo zamani za kale, sogeeni karibu na asisinzie mtu, Pimbi mjane alipanda maharage ya kutambaa. Aliyasimikia fito, yakapanda mpaka juu.

Desturi ya huko ilikuwa moja: mavuno ya kwanza ni ya Simba. Na anayempa kilichooza, huliwa yeye.

Mwaka huo upepo ulivuma, vuu! vuu! Ukayasugua maganda kwenye fito mpaka yakatoka madoa ya kahawia. Ndani yalikuwa mazima, watoto wa Pimbi waliyala wakashiba. Lakini nani wa kumwambia Simba hivyo? Pimbi aliogopa hata usingizi ukampaa.

"Mama, tukimbie," mwanawe alinong'ona.

"Tukimbilie wapi? Ingieni mwambani, asikohoe mtu!"

Hajamaliza kusema, ngurrr! Simba huyo uani, na mkewe nyuma amempakata mtoto wao mchanga.

"We Pimbi! Maharage yangu yako wapi?"

"Haya hapa, Mzee."

Simba akafunua kapu. "Ala! Unanilisha uozo? Leo utanitambua!" Akamkaba koo.

"Nisamehe, Mzee!" Pimbi alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha kweli. Mara akakiona kitumbo cha yule mtoto, kina vidoadoa. "Si uozo! Ni ugonjwa wa madoa. Kwani Chui unadhani alizaliwa vile?"

"Mbona wewe huna?"

"Mimi nimelima. Ugonjwa huu humpata anayekula asichokilima. Nao huanzia kwa mtoto, tumboni."

Mke wa Simba akamgeuza mwanawe. "Yarabi! Mume wangu, hivi vidoa! Nimemsugua kila siku nikidhani ni uchafu, havitoki!"

Puu! Simba akamwachia Pimbi chini. Sasa aliyeogopa ni yeye. "Dawa yake nini, dada yangu?"

"Msiguse tena mavuno ya mtu. Akikua, vitafutika."

Wakatimua mbio, hata kapu hawakulitazama. Pimbi akaliokota kapu lake. Kisha akainjika chungu, akawaita wanawe.

Mtoto wa Simba akakua, vidoa vikafutika, kama vinavyofutika kwa kila mtoto wa simba. Baba yake akashukuru sana. Tangu hapo Simba akiona shamba la maharage, huzunguka mbali.

Hadithi yangu naitua hapa, wanangu: mwenye nguvu naye ana anachokiogopa, na mnyonge anayekijua huokoka.